Juma Amekula Mbuzi

Mwanangu Mwajuma,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua, maana nikianza nazo mama yako atazidi kuniongezea watu wa kuwataja mpaka karatasi iishe na mimi sijasema langu. Mmelala, wewe na yeye, kitanda kimoja kama ulipokuwa mdogo. Sanduku lako liko mlangoni, limeshafungwa kamba. Kesho mjomba wako wa Kibara atakuja na lori la asubuhi akuchukue hapa Bunda mpaka Musoma, mlale kwa shangazi yako Nyakato, kisha meli ikupeleke ng'ambo, upande wa Bukoba, kwenye shule ya bweni.

Ya sabuni, ya mafuta, ya kutolala na nywele mbichi, ya kumsalimu kila mtu mzima hata aliyekununia, hayo yote mama yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema kesho huku lori linaunguruma. Mimi siyarudii. Langu ni moja. Tangu uanze shule, kila alasiri umekaa karibu na cherehani yangu ukifanya kazi uliyopewa na mwalimu uifanyie nyumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu na wewe. Sasa utaifanya kazi hiyo kwenye meza nisiyoijua, na mimi sijui nitakuwa baba wa namna gani kwa mtoto ambaye kazi yake siioni. Naogopa, mama. Nakuandikia kwa sababu naogopa.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile nilizokufundisha mwenyewe, kwa kuwa ndizo mkono wangu unazoweza kukimbia nazo. Herufi za shuleni kwenu zitakuja mwisho. Usiruke kwenda kuzitazama. Nakujua.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la pili? Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa watoto wengi, na kila mmoja alipewa zamu ya kukipeleka nyumbani. Siku ya zamu yako ulikileta umekifunga kwenye khanga ya mama yako kama mtoto mchanga. Ukanikalisha, ukasema, "Baba, mwalimu amesema nisome nyumbani, na mzazi anisikilize."

Nilifurahi kupita kiasi. Kusikiliza! Hiyo kazi naijua. Babu yako, aliyekuja huku kutoka Tabora na mzigo wa nguo za kuuza, alinipeleka chuoni kusoma Kurani nikiwa sijaota meno ya pili. Kule tulisoma kwa sauti, tunayumbayumba, na mwalimu wetu amefumba macho. Ukiacha neno moja anafumbua jicho moja. Nilijua kwamba kusoma ndiko huko. Basi nikakwambia, "Kitabu hiki kesho kinakwenda kwa wenzako. Kiweke kichwani kabla hakijaondoka."

Ukakiweka kweli. Ulimwomba yule dada wa darasa la nne akusomee ukurasa, ukauchukua kwa sikio, ukaja kuusema mbele yangu, na mimi nikauchukua kwako. Mpaka leo ninao. Juma ana mbuzi. Mbuzi wa Juma ni mweupe. Mama amefua shati. Mbuzi amekula shati. Juma analia. Ukisita kidogo nakugusa bega, unaendelea. Mama yako jikoni alikuwa nao pia. Hata wateja walikuwa nao. Walikuja kupima suruali wakaondoka wanajua habari za mbuzi wa Juma, na wote walinisifia. "Mtoto wa Fundi Hamisi anasomaga kama maji!" Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Ikawa siku ile Mwalimu Wambura alipoleta suruali yake itiwe kiraka. Nilikuwa nampima mzee mmoja wa Mugeta aliyeuza ng'ombe na kutaka koti la kaki. Wewe ulikuwa kwenye mkeka unasoma, kitabu mapajani, na macho yako yalikuwa barabarani yanatazama lori la pamba. Mwalimu alikusikiliza. Kisha akaokota chaki yangu, akaandika kwenye kaki ya yule mzee, pale pale juu ya meza, akakuita.

"Mwajuma, hebu nisomee hapa."

Ukasimama, ukaitazama kaki, ukaniangalia mimi, ukaanza. Juma ana mbuzi. Mbuzi wa Juma ni mweupe. Ukaenda nao wote mpaka Juma analia, hujakosea hata pumzi. Mimi nikapiga meza kwa kiganja. "Barabara! Hajaacha neno!" Na yule mzee wa Mugeta, mikono yake bado imenyooshwa nampima, akaitikia, "Eeh, hajaacha, hata mimi nasikiaga hivyo hivyo."

Mwalimu hakucheka. Laiti angecheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, mimi nimeandika maneno matatu tu. Nimeandika, Juma amekula mbuzi. Haya mengine mtoto ameyatoa wapi?"

Nikaitazama kaki. Kwangu zilikuwa alama nyeupe, hazina tofauti na zile ninazochora pa kukata. Nikakutazama wewe. Ulikuwa umeshajua. Midomo yako ilianza kutetemeka kabla mimi sijaelewa.

Mwanangu, ninayokwambia hapa uliyaona kwa macho yako, kwa hiyo sikuungamii jambo jipya. Ila hukuona ya ndani yangu. Aibu iliyonipata sikujua pa kuiweka, nikaitua kwako kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa karibu. Niliinua ile rula yangu ndefu ya mti. Sikukupiga, lakini uliinama, na kule kuinama kwako sijakusahau. Kisha nikatamka mbele ya watu, "Kesho huendi shule. Utashona vifungo."

Na ulishona. Siku zikapita, umekaa kwenye ule ule mkeka, unashona vifungo, na watoto wenzako wanapita barabarani na vibao vyao. Majirani walinipa pole na ushauri kwa pamoja. Wakasema mtoto wa kike akijua kuhesabu mayai na kusali inatosha. Mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu mwenye busara, na moyoni nilikuwa najificha tu nyuma ya maneno yao.

Aliyenitoa huko ni mama yako. Alikuwa anaparua samaki walioletwa kutoka kwao Kibara, hakuinua hata uso. Akasema, "Baba Mwajuma, mtoto amesoma vile ulivyomsomesha. Wewe ulifundishwaga hivyo, ukamfundisha hivyo. Kama kuna wa kuchapwa, njoo hapa nikuchape wewe." Na kisu kilikuwa mkononi, kwa hiyo sikubisha.

Nikaenda shuleni peke yangu. Hukuwahi kunisikia nikisimulia habari hii. Mwalimu alikuwa bustanini na wanafunzi wanapalilia mihogo. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikajikuta namwambia kweli. Nikamwambia, "Mwalimu, huko nilikosoma mimi neno halihamishwi mahali pake. Ndiyo heshima yake, na aliyelishika kifuani ndiye aliyesoma. Sikujua kwamba kuna kusoma kwingine ambako maneno yanahamahama, leo mbuzi amekula shati, kesho Juma amemla mbuzi."

Akapangusa jembe. "Sasa umejua. Kwa nini mtoto haji?"

"Haji kwa sababu sina cha kumsaidia. Mimi herufi hizi zenu sizijui hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi wewe ndiye ninayemtaka," akasema. "Wazazi wanaojua kidogo wananisumbuaga sana. Wanamfanyia mtoto kazi yote, mimi nabaki kumsahihisha baba mtu. Wewe muulize tu. Muulize usichokijua, na usimwambie barabara mpaka akuonyeshe kwa kidole."

Nilirudi nikitembea polepole. Nilifika nikakuta umeinamia shati la mtu. Nikakwambia, "Kesho nenda shule." Hukuniuliza sababu. Ulikata uzi kwa meno, ukaweka sindano mahali pake, ukaenda kutafuta kibao chako. Niliona mabega yako yakishuka, nikajua ulikuwa umeyainua siku zote zile.

Hivyo ndivyo vile vipande vya kitambaa cha marekani vilivyoanza. Najua unadhani nilivibuni kwa akili. Wala. Fundi kabla hajashona huweka vipande vyake mezani, mgongo hapa, mikono pale, avitazame vinakaaje, ndipo apige bandi, ule mshono wa kushikiza tu. Nikasema kama maneno nayo yanahamahama, basi tuyakate. Nikakukatia mabaki ya marekani, na kwenye kila kipande ukaandika neno moja kwa penseli. Juma. Mbuzi. Amekula. Shati. Mama. Ukaniambia nivipange. Mimi nisiyejua kitu nikavipanga ovyo ovyo, na wewe ukasoma kwa kidole: "Shati amekula mama." Mwanangu, ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka. Mama yako akatoka jikoni kuuliza nani amemla. Tukaongeza cherehani, ng'ombe, mwalimu, Bunda, Butiama, bibi. Siku moja nilipanga bila kujua kwamba ng'ombe wa bibi amefua mwalimu, ukamsomea mwalimu mwenyewe.

Nilikuuliza maswali ya mtu asiyejua kwa sababu kweli sikujua. Hiki ni nini? Umejuaje? Kwa nini neno hili na lile yanafanana mwanzo? Ulinionyesha kwa kidole. Mara nyingine ulisema, "Sijui, baba, nitamuuliza mwalimu," na mwanzoni neno hilo lilinichoma, kisha nikaanza kulipenda. Mtoto aliyekwenda na swali lake shuleni asubuhi alikuwa anakimbia. Yule wa kukariri alikuwa akitembea na kichwa kilichojaa, anaogopa kisimwagike.

Usinidhanie nilipona mara moja. Ugonjwa wa kujua ulinirudia ulipofika darasa la nne. Umesahau ile hesabu? Mtu ana yadi kumi na mbili za kitambaa, kila shati linakula yadi mbili na nusu, atapata mashati mangapi? Uliponisomea nikasimamisha cherehani. Yadi na mashati! Hatimaye shule imekuja barazani kwangu. Nikasema, "Matano."

Ukasema, "Manne, baba, na yadi mbili zinabaki."

"Zinabaki zikae wapi? Fundi gani anaacha yadi mbili zilale? Kola unaikata kwenye pindo, mikono unaigeuza ikae kichwa kwa mguu, shati la tano linatoka, labda la mtu mfupi."

Ulinisikiliza kwa adabu, ukaandika matano. Kesho yake kazi ikarudi na mstari mwekundu. Nilitaka kwenda tena kule kwenye mihogo, safari hii kugomba kwelikweli. Wewe ukanitazama tu, hukulalamika. Ulikuwa umejua jibu lako, ukaliacha kwa ajili yangu, na mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa karibu. Ndipo nikaona kwamba heshima yako kwangu ingeweza kukukosesha nafasi, na kwamba mimi ningeipokea heshima hiyo nikiwa nimekaa raha mustarehe kwenye kiti changu.

Siku chache baadaye ilikuja hesabu nyingine, ya mtu wa Butiama anayegawa shamba. Nikatoa jibu langu. Ukakaa na penseli hewani, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, niandike lako au langu?"

Nilikanyaga cherehani nikashona mshono mzima. Mshono ule ulikwenda upande, nikaufumua baadaye. Nimewahi kusafiri na mizigo kichwani, nimemzika baba yangu, lakini jibu lile lilikuwa zito kutoka. Nikasema, "Andika lako."

Ukaandika. Sikumbuki hata kama ulipata au ulikosa. Nakumbuka kwamba uliandika haraka, na ulipomaliza ulisogeza mkeka karibu zaidi na miguu yangu. Ulipofaulu ule mtihani watu walikuja kunipa mkono, nikaupokea, lakini sherehe yangu mimi nilikuwa nimeshaifanya siku ile peke yangu.

Sasa unakwenda kwa walimu wengi na vitabu ambavyo havina mbuzi. Utakutana na mambo usiyoyaelewa, na mbele yako atakuwepo mtu anayesubiri useme kitu cha kumfurahisha. Ukijikuta unasema maneno mengi kuliko yaliyoandikwa, ikumbuke ile kaki. Sema hujui. Utaona aibu kidogo, itapita. Mimi yangu ilipita, ikaniachia wewe.

Na uje likizo na maswali. Usije ukajifanya huna kazi kwa kunionea huruma kwamba baba hawezi kukusaidia. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko meli. Naliona kwa wenzangu ambao watoto wao walitangulia kwenda bweni. Wanarudi wanazungumza habari za mvua na afya tu, kama wageni, kwa sababu wamekwisha kuamua kwamba mzee hataelewa. Usiniamulie, Mwajuma. Niulize kwanza. Nikishindwa nitakuuliza wewe, tumezoea.

Salamu sasa. Mama yako anakusalimu ingawa umelala mkononi mwake. Bibi wa Kibara anakusalimu na anasema usimle samaki wa ng'ambo bila kumnusa. Mwalimu Wambura anakusalimu, nilimshonea suruali nyingine na hakutaja kaki. Yule mzee wa Mugeta alipita juzi, koti lake bado analo, akaniuliza mbuzi wa Juma hajambo.

Vile vipande vya marekani vimo kwenye kopo la biskuti chini ya meza yangu. Nilitaka kuvitia sandukuni mwako. Kisha nikaona kwamba wewe huvihitaji tena, mimi ndiye ninayevihitaji. Uliponikuta mwaka huu nimevitandaza peke yangu ukaniuliza nafanya nini, nilikwambia natafuta kifungo kilichopotea. Uliniamini au ulinistahi, sijui. Hukuwa umepoteza muda wako pale mkekani, mwanangu. Kila swali nililokuuliza, nilikuwa nasikiliza jibu.

Kuanzia hapa ni herufi za shuleni kwenu, geuza macho, anza kushoto.

Mwajuma mwanangu.
Juma ana mbuzi.
Fundi ana cherehani.
Mama ana samaki.
Mwajuma ana kitabu.
Kesho baba hana Mwajuma.
Baba analia kidogo.
Mwajuma atarudi na maswali.
Maneno haya sikukariri. Nimepanga mimi.
Hii ni kazi yangu ya nyumbani. Sahihisha, kisha uirudishe.

Baba